Gobore Lililobarikiwa

Usiku wa jana niliota, na usinicheke kwanza, maana hata mimi ningependa iwe ya kuchekesha.

Lakini uyajue ya mchana kabla sijakupa ya usiku. Mimi ni Leokadia. Nina mdogo wangu mmoja tu duniani, Desideri, niliyemlea tangu mama alipotutoka. Nimemlisha uji, nimempeleka shule, nimemchapa alipostahili na mara nyingine alipokuwa hastahili. Amekua, akawa mpiga kengele wa parokia yetu ya Mkurazi. Mwezi uliopita Waziri alikuja kuhutubia pale uwanjani, ng'ambo ya kanisa. Akaongea, akaongea, hata ikafika saa sita mchana, na saa sita Desideri akapiga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana kama anavyoipiga kila siku. Waziri akasema Kanisa limeikatiza Serikali. Polisi wakapanda mnarani, wakaishusha kengele, wakaifungia kituoni iwe kielelezo. Desideri naye wakamshushia virungu mpaka jicho likafumba.

Jumapili yake Padre Gervas akatangaza altareni kwamba Waziri, ambaye ni mkatoliki mwenzetu wa kubatizwa, asisogelee meza ya Bwana kupokea komunyo. Waziri naye akajibu kwamba anarudi Jumamosi hii, uwanja uleule, saa ileile, aone ni nani atakayemkatiza. Basi ndivyo wanavyotunishiana misuli wakubwa hao. Mdogo wangu, huku nyumbani, hali chakula vizuri, halali, magoti yameota sugu kwa sala. Nikimwuliza una nini, ananiambia, "Sina kitu, dada." Mtu mwenye kitu ndivyo anavyojibu.

Haya, ndoto sasa.

Ni Jumapili ya kubariki mbegu. Kwetu, kabla ya mvua za kwanza, kila mtu huja kanisani na chake cha shamba, awe na mahindi ya mbegu, maharage, jembe au panga. Padre hupita kati ya viti na ndoo ya maji ya baraka na kitawi cha majani, akivirashia vyote. Nimekaa na kapu langu. Desideri anakuja na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kitenge, ananilazia mapajani.

"Nishikie jembe langu, dada. Nakwenda kupiga kengele."

"Kengele gani? Kengele iko mahabusu."

"Nakwenda kuipiga pale ilipokuwa," anasema, na anakwenda.

Padre Gervas anafika. Anarashia mahindi yangu. Anarashia jembe la Desideri. Jembe linapiga chafya.

"Amina," linasema.

Nafungua kitenge. Jembe wapi! Ni gobore la marehemu babu, lile la kutishia nyani shambani. Serikali ilipotangaza silaha zote zisalimishwe, Desideri mwenyewe ndiye aliyelibeba begani kulipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Nililiona likiondoka kwa macho yangu haya. Sasa liko mapajani mwangu, limelowa chapachapa, linanitazama kwa lile tundu lake moja.

"Hujambo, mjukuu wangu," linasema.

"Sijambo, shikamoo," najibu, maana ni rika la babu, adabu ni adabu. "Umefuata nini hapa?"

"Nilikuja kubarikiwa, na nimebarikiwa. Saa sita Desideri atanichukua kumpiga Waziri. Huna kitambaa kikavu hapo? Baruti yangu haitaki unyevu."

Nikasimama palepale, katikati ya ibada, nikapaza sauti.

"Padre! Umebariki bunduki!"

Watu wote wakageuka. Wengine wakanifanyia "shhh", kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu. Padre Gervas akaangalia gobore, akaangalia kitawi chake.

"Nimebariki kilicholetwa," akasema.

"Basi itengue hiyo baraka!"

"Baraka haitenguliwi, mama Leokadia. Unajua vilevile kwamba kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Huchomwa au huzikwa."

Hilo ni kweli, hata mtoto wa komunyo ya kwanza analijua. Rozari ikikatika vipande tunaizika. Matawi makavu ya mwaka jana tunayachoma.

"Basi tukalizike," nikasema.

"Sisi hatuziki silaha. Silaha ni mali ya Serikali. Peleka polisi," akasema, akaenda kurashia maharage ya mtu mwingine.

Nikalifunga gobore kwenye kitenge, nikatoka mlango mkubwa wa kanisa. Ng'ambo ya mlango hakuna uwanja. Kuna kaunta ya polisi. Nyuma ya kaunta amekaa muhuri. Usidhani ni askari mwenye muhuri. Ni muhuri wenyewe, wa mbao, mpini juu, chini umeloa wino, umevaa kofia ya afande.

"Sema shida yako," muhuri unasema.

"Afande, nimeleta silaha. Naisalimisha."

"Vizuri sana, mwananchi mwema. Iweke hapa." Muhuri ukainama kuliangalia gobore, kisha ukaruka nyuma mpaka ukagonga ukuta. "Mbona imelowa?"

"Ni maji ya baraka."

"Ondoa! Ondoa haraka! Serikali haina dini. Kitu hicho kikivuka kaunta, sisi tutakuwa nayo."

"Lakini kengele mmeichukua, nayo ilibarikiwa na Askofu mwenyewe!"

"Ndiyo maana tangu siku ile choo cha kituo kinaimba zaburi," muhuri ukasema kwa uchungu.

Kutoka mahabusu nikasikia sauti nzito ya shaba. "Leokadia, usinitajetaje. Kesi yangu bado inaendelea."

"Umeshitakiwa kwa kosa gani hasa?" nikaiuliza kengele, maana mtaani kila mtu ana lake.

"Kusema wakati mkubwa anasema. Nilijitetea kwamba mimi sisemi, napigwa. Hakimu akasema hata yeye hupigwa, na bado hunyamaza."

Sikuwa na nafasi ya kuhurumia shaba. Nikarudi kwa muhuri, nikaukamata mpini kwa mikono miwili, wino ukanichuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Afande, nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu. Mkamateni mdogo wangu. Mfungieni humu mpaka Waziri aondoke. Mkimpiga, mpigeni kidogo."

"Kafanya nini?"

"Anataka kumwua Waziri."

"Ameshamwua?"

"Bado!"

"Basi mlete akishamwua. Kutaka kuko rohoni, na roho si mali yetu. Sisi tunashughulika na mwili. Nenda kwa wenye roho."

Nikatukana. Sisemi nilitukana nini, ila kengele ilisikia, ikasema "Toba!"

Nageuka kutoka, na niko kanisani tena. Kanisa ni tupu, mbegu zote zimeota juu ya viti vyote, mahindi yananifika kiunoni. Napasua katikati ya mahindi mpaka kwenye kile kibanda cha mbao cha kuungamia. Padre Gervas yumo ndani. Mdomoni mwake pametiwa kufuli, kufuli hasa, la chuma, kama la duka. Ananiangalia kwa macho ya mtu aliyeshiba maneno.

"Padre! Desideri alikuja kwako kuungama, sivyo?"

"Hawezi kusema," kibanda kikajibu badala yake. Kina sauti ya mlango unaotaka mafuta. "Siri ya maungamo."

"Basi alikuja."

"Sikusema alikuja. Nimesema hawezi kusema kama alikuja."

"Padre, kijana wangu atanyongwa! Mwite umkataze. Huna haja ya kutoa siri. Mwambie tu asiende uwanjani. Mwambie aje alime bustani ya misheni. Mwambie lolote!"

Padre akanyoosha mkono akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Machozi yakamtoka, yakateremka mpaka kwenye kufuli, kufuli likaanza kushika kutu, lakini halikufunguka.

"Sisi tunashughulika na roho," kibanda kikasema. "Kwenda uwanjani ni miguu. Kufyatua ni kidole. Miguu na vidole ni vya Serikali."

"Nimetoka Serikalini sasa hivi!"

"Najua. Huyo hapo amekuja."

Nageuka, na nauona muhuri umekaa sakristia, chumba cha padre cha kuvalia, kofia imewekwa pembeni, unakunywa chai kwa maandazi. Kumbe kuna vikombe viwili. Kibanda kikajikokota kutoka ukutani, Padre akiwa bado ndani, kikaenda kukaa na mwenzake.

"Nilidhani nyie mna ugomvi," nikasema.

"Tuna ugomvi mkubwa," vikajibu kwa pamoja. Kisha kibanda kikaongeza, "Sasa hivi tunapumzika. Andazi?"

Sikuchukua andazi. Nilikaa chini kwenye sakafu, gobore mapajani.

"Niambieni ukweli," nikasema. "Mnaweza kumzuia au hamwezi?"

Vikaangaliana. Muhuri ukafuta kinywa.

"Mama, tuseme Waziri amekufa. Tutapata shujaa. Tutampa mtaa, sikukuu na sanamu. Tutapata na sababu ya kuwafungia hawa makanisa yao. Hatujawahi kuipata sababu nzuri hivi."

"Na Desideri akinyongwa," kibanda kikasema, kwa upole hasa, "sisi tutapata shahidi wa imani. Watu watakuja kuhiji hata kutoka mbali. Parokia yetu haijawahi kuwa na mtu wake mbinguni."

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi nitapata nini?"

Muhuri ukaweka kikombe chini. Ni wazi hakuna aliyewahi kuvifikishia swali hilo.

"Wewe utapata kiti cha mbele," muhuri ukasema mwishowe. "Pande zote mbili."

Nililia. Nililia kwa sauti kama nilivyolia siku ya mama, na sikuona aibu. Vyenyewe vikaendelea na chai.

Basi nikasema moyoni, nitalizika mwenyewe. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaingia shambani kwetu, nikachukua jembe la kweli, nikaanza kuchimba.

"Mjukuu wangu, usinizike, mimi sijafa," gobore linasema. "Na kusema kweli nina hamu. Maisha yangu yote nimepigia nyani hewani."

"Nyamaza."

"Babu yako hakuniambia nyamaza hata siku moja."

"Babu yangu alikuwa kiziwi kwa sababu yako!"

Nachimba. Udongo ni mwekundu, laini, unatoka wenyewe. Nachimba mpaka kiunoni, mpaka kifuani, na chini ya shimo naona mwanga, kisha vichwa vya watu, kisha turubai la jukwaa. Shimo limetokea uwanjani. Kabla sijashika kitu, nimeshaanguka katikati ya umati, gobore mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Mama mmoja akanisogezea nafasi tu.

Waziri yuko jukwaani anahutubia. Mdomo unafunguka, unafumba, lakini hakuna neno linalotoka, na watu wanapiga makofi pale pale panapostahili. Niko karibu kiasi cha kuona jasho lake. Ni mtu mzima, kifungo cha shati kimekatika tumboni, pengine mkewe hajaona. Halafu nikaona mkono wake wa kulia, chini ya meza wasikoona wengine, unafanya ishara ya msalaba. Haraka haraka, kidogo kidogo. Anaogopa, jamani. Anaogopa kama mtoto, na anamwomba Mungu yuleyule.

Nikasema, hili Desideri alione. Akiliona hili, yamekwisha.

Na yeye huyo, amesimama mbele yangu. Amevaa shati lake la Jumapili. Mtu amemchora mstari wa chokaa kama wa uwanja wa mpira, kuanzia utosini, katikati ya pua, mpaka kitovuni.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Walikuja wawili, wakagawana," akasema. "Hawakuniumiza. Nipe gobore, dada."

"Desideri, mwangalie mkono wake. Chini ya meza pale. Mtu anasali!"

Akaangalia. Aliona, najua aliona.

"Vizuri," akasema. "Atakuwa tayari."

Mungu wangu. Nilikuwa nimebakiza hilo moja tu, nalo akalichukua akalifanya lake.

"Nani kakutuma?" nikamwuliza. "Padre kakutuma?"

"Padre alinikataza. Alilia sana."

"Basi nani?"

"Kimya, dada. Tangu kengele iondoke, kila saa sita napanda mnarani, nashika hewa, navuta. Na kimya kinaniita kwa jina langu. Hujawahi kukisikia?"

"Kimya hakimwiti mtu! Na kama Mungu angetaka mtu wa kupiga bunduki, angemwita anayejua kulenga. Wewe hata nyani hukuwahi kumpata!"

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la utotoni, la jino lililovunjika.

"Nyani hakuwa na kosa, dada."

Akanyoosha mkono kulichukua gobore. Nguvu za kuling'ang'ania sikuwa nazo, ni kijana wa kuvuta kamba za kengele huyo. Nikafanya nililoweza. Nikachomeka kidole changu cha shahada kwenye mdomo wa gobore, nikakisukuma mpaka kikagoma.

"Aa, mjukuu, unanikaba," gobore likasema kwa sauti ya puani.

"Toa kidole, dada," Desideri akasema.

"Sitoi."

"Kitakatika."

"Kikatike. Ninavyo vingine."

Akaniangalia kwa wasiwasi wa kweli. Hapo ndipo aliponivunja moyo kabisa, maana alikuwa ananihurumia.

"Sasa utakandaje unga?"

"Nitakanda kwa mkono wa kushoto. Lakini nani atakula, Desideri? Nikuulize wewe, uliye msomi wa mbinguni. Nikishakanda, nikishapika, nani atakula?"

Jicho lake la upande mmoja wa chokaa likatoa machozi. La upande wa pili likabaki kavu, likilenga. Akaanza kutembea kuelekea jukwaani na mimi natembea naye kinyumenyume, kidole ndani ya chuma, kama mama na mtoto walioshikana mikono sokoni. Watu wanatupisha. Wengine wananipa pole, wengine hongera. Kule mbele nikaona viti viwili vitupu, kimoja upande huu wa uwanja, kimoja upande ule, na vyote vimeandikwa Leokadia.

Saa sita ikafika. Kengele haikulia.

Waziri akanyamaza. Umati ukanyamaza. Hata gobore, lililokuwa linanong'ona sala za kufa, likanyamaza. Kimya kikaja kutoka upande wa mnara, kikavuka uwanja taratibu, kikasimama kati yangu na mdogo wangu. Nami nilikisikia kwa masikio yangu.

"Desideri," kikasema.

"Naam," akaitika, na akavuta.

Nikaamka.

Kumekucha, jua limeshaingia dirishani. Moyo unanidunda mpaka kitanda kinatikisika. Na nje, sikiliza, nje nasikia ufagio. Desideri anafagia uwanja wa nyumba kama kila asubuhi, anaimba zake polepole. Nilicheka, nikafunika uso kwa shuka nikacheka, nikasema asante, asante, asante, bila kujua namshukuru nani.

Nikatoka. Akaacha ufagio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Umelala?"

"Kidogo," akasema. Usoni hakuwa na chokaa wala chochote, ila lile jicho lililobaki na uwekundu. Nilimwona mzuri kuliko siku zote.

Nikachota maji kwenye ndoo ninawe uso nikapike uji. Maji ya kwanza yakatoka meusi. Nikaangalia mkono. Kidole cha shahada kina pete nyeusi, ya masizi na grisi, inakizunguka pande zote kwenye pingili ya katikati, imenyooka kana kwamba imepimwa. Nikakinusa, kinanuka baruti. Nikachukua sabuni, nikasugua. Nikachukua mchanga, nikasugua tena mpaka ngozi ikaniwaka moto.

Kivuli kikaniangukia. Desideri alikuwa amesimama juu yangu. Akachuchumaa, akanishika kidole, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Hakuniuliza nimeshika nini wala nimeshikia wapi.

"Hiyo haitoki kwa sabuni, dada," akasema. "Hiyo mpaka mafuta ya taa."